Herufi M Ilikuwa Imechanika

Miezi saba ilikuwa imepita tangu niolewe, na binti wa mume wangu, mwenye miaka minane, hakuwahi kuniita jina lolote. Alikuwa na ujanja wake. Akitaka chumvi alisema, "Naomba chumvi," huku akiitazama chumvi yenyewe. Akinihitaji, alikuja mpaka mlangoni, akasimama, akakohoa. Baba yake alimwambia aniite mama mdogo. Akaitikia "ndiyo, baba," kisha akaendelea kukohoa.

Iliniuma. Nasema wazi, maana wapo wanaodhani mwanamke anayepanda ngazi kuandika mabango ya maduka ana roho ya chuma. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka minne, na sikutaka kumnyang'anya marehemu jina lake. Nilitaka tu niitwe kitu.

Jumamosi moja nikasikia kikohozi mlangoni mwa karakana yangu.

"Mwalimu anataka tutengeneze kitu cha nyumbani kwa vitu vilivyochakaa," akaliambia kopo la rangi. "Tupeleke Jumatatu."

"Aliwaambia lini?"

"Jumatatu iliyopita."

Hapo alikuwa baba yake mtupu. Yule ni fundi wa majokofu, na kazi ya mteja huikumbuka pale mteja mwenyewe anapobisha hodi.

Vitu vilivyochakaa ninavyo tele. Chini ya meza ilikuwepo ndoo ya brashi nilizoapa kuziosha, zikakauka nywele zote mpaka zikawa ngumu kama kucha. Tukakata vishikio vyake. Nikatoboa matundu matatu kwenye kipande cha bango la zamani la kinyozi, lililobaki na sikio moja na nusu ya nywele, tukachomeka vishikio kwa gundi. Vigingi vya kutundikia funguo na mikoba hivyo. Juu ya kila kigingi tukapigilia kifuniko cha kopo, cha kuandikwa jina la mwenyewe. Mtoto alipiga msasa ubao mzima bila kuambiwa mara mbili. Ana mkono, nikasema moyoni.

"Tunaandika nani na nani?" nikauliza, nikijifanya natafuta nyundo.

"Baba. Mimi." Akapuliza vumbi la ubao. "Na cha tatu."

Nikamletea stensili zangu, zile karatasi ngumu zilizokatwa herufi katikati, na kipande cha sponji.

"Gonga taratibu, usipanguse. Na M imechanika siku nyingi. Chukua W, igeuze juu chini. Hakuna mteja aliyewahi kujua."

"Huo si udanganyifu?"

"Huo ni ufundi."

Akacheka. BABA akatoka safi, mwekundu. MIMI naye akatoka safi, kila W imegeuzwa inavyotakiwa. Mara mwenye duka la dawa akaniita nje tupime ukuta wake. Nilisema ndiyo kwa kila alichosema. Baadaye nikagundua nimekubali bango la kijani, rangi nisiyoipenda hata kidogo.

Niliporudi, kifuniko cha tatu kilikuwa tayari, kwa rangi ya buluu: WAWA.

Mtoto alikuwa amesimama mbele yake. "Nimesahau kugeuza," akasema, machozi yakamtoka.

Sasa mnielewe. Kwa miaka kumi na tisa hakuna kosa lililotoka kwenye karakana hii. Niliwahi kukwangua ukuta mzima wa duka la mikate kwa sababu ya herufi moja. Vijana waliojifunza kwangu waliniita Msasa. Na rangi ile ilikuwa bado mbichi. Kufuta mara moja tu, ingeisha. Mtoto alikwisha kushika kitambaa.

"Weka chini hicho kitambaa!"

Nilipayuka zaidi kuliko nilivyokusudia. Akashtuka.

"Lakini ni kosa."

"Nimeliona."

"Mwalimu atacheka."

"Acheke."

Jioni baba yake alirudi, akavaa miwani, akasoma kwa sauti. "Baba. Mimi. Wawa." Akakuna kichwa. "Wawa ndiye nani?"

Mtoto akanitazama. Si kopo, si chumvi; alinitazama mimi usoni.

"Ni huyu hapa," akasema.

Ubao ukaenda shule Jumatatu, ukarudi na alama kumi na tano kati ya ishirini na karatasi ya mwalimu: "Kazi nzuri. Angalia herufi." Tukautundika karibu na mlango.

Jumanne asubuhi nilikuwa jikoni nakoroga chai. Sikusikia mtu kukohoa. Nilisikia sauti kali kutoka chumbani, ya mtu aliyechelewa:

"Wawa! Soksi zangu ziko wapi?"

Nilijua zilipo. Nikanyamaza kidogo, ili aite tena.