Nyota ya Binali

Kila anayeniletea nishani ya babake hutaka kifaru cha vita. Anaitoa kwenye leso, anaiweka mezani kwa heshima zote, na kabla sijavaa miwani ameshaanza: mzee alilipua vifaru viwili, mzee alimkamata jenerali akiwa na suruali mkononi. Nikimwambia karatasi inasema babake alitandaza waya wa simu chini ya mizinga, na kuurudia kuuunga mara kumi na nne kila ulipokatika, uso unamshuka kana kwamba nimemwambia babake aliuza njugu. Hapo ndipo hasira hunipanda. Hebu jaribu wewe kutambaa na waya!

Nilifundisha Kirusi hapa Akhaltsikhe miaka thelathini na saba. Vijana wetu wa Georgia siku hizi hawakisomi, na karatasi za nishani za Vita vya Pili vya Dunia zote ni za Kirusi, nyingi kwa mwandiko wa karani aliyeandikia gotini. Kwa hiyo wanakuja kwangu. Natafuta, nasoma, natafsiri, hapo hapo kwenye meza ya jikoni. Na niseme ukweli, wale watu wa kwenye karatasi nawapenda kuliko wengi ninaokutana nao sokoni.

Ushangi alikuja mwezi wa tatu wa mwaka 2019, pamoja na mkewe Nanuli. Ni daktari wa mifugo mstaafu, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Alileta nishani ya Nyota Nyekundu ya marehemu babake, Amiran.

"Mwalimu," alisema, "namjengea baba chemchemi pale kwenye kona ya barabara. Ukuta umesimama, bomba linatoa maji. Limebaki jiwe tu. Nataka maneno yenyewe ya karatasi, alichofanya hasa, yachongwe watu wasome."

Kwetu mwana humfanyia hivyo mzazi aliyekufa. Jina linakaa juu ya maji, na kila mpita njia anayekunywa hulitaja.

"Na ukikuta kifaru usikifiche," Nanuli akadakia.

"Nanuli!"

"Nini? Binamu yako kila karamu akinyanyua glasi kumkumbuka mzee anaongeza kimoja. Mwaka huu tumefika vitano. Jiwe lenyewe halitatosha."

Jina la Amiran nililipata upesi. Alikuwa dereva wa gari la farasi la kubebea majeruhi, na alipewa medali moja ndogo ya huduma vitani. Nyota Nyekundu hakuwa nayo. Nikatafuta tena, nikapitia orodha zote za kikosi chake, macho yakaniuma. Hakuna.

Sasa, Nyota Nyekundu ina namba mgongoni, na kila namba ina kadi yake katika hifadhi ya nyaraka. Nina mtu wangu huko Urusi anayeingia humo. Nilimtumia namba, na baada ya wiki sita akanitumia picha ya kadi pamoja na karatasi ya mapendekezo ya nishani. Jina lilikuwa la mtu mwingine: Binali mwana wa Sefer, mbeba majeruhi wa kikosi kile kile, mzaliwa wa Orkari, kijiji kilicho mwendo wa saa moja kutoka kwetu. Ameuawa Februari 1945. Na chini kabisa, kwa wino mwekundu: nishani haikurudishwa.

Sheria ya wakati ule ilikuwa hivyo. Mwenye Nyota Nyekundu akifa, nyota inarudi serikalini. Anayebaki nayo ana kesi ya kujibu.

Nilitafsiri karatasi yote kabla ya kumwita Ushangi, maana nilitaka kuwa na kitu cha kumpa zaidi ya pigo. Mbeba majeruhi hakupata Nyota Nyekundu kwa kusifiwa. Kulikuwa na hesabu: watu ishirini na watano watolewe kwenye uwanja wa mapigano, na kila mmoja na bunduki yake. Ukimtoa mtu ukaacha bunduki, hahesabiwi. Karani aliandika hivi:

"Kando ya mto Tisza, kwa siku mbili, aliwatoa majeruhi thelathini na mmoja pamoja na silaha zao. Akiwa na jeraha la bega la kushoto, alikataa kuondoka, akaendelea kuwavuta kwa mkono wa kulia. Bunduki alizifunga kwa mkanda kifuani."

Niliisoma mara tatu. Thelathini na mmoja! Mtu na bunduki yake, katika tope la Novemba, kwa mkono mmoja. Ningekuwa na kofia ningeivua. Sijawahi kusoma kifaru kilichonigusa hivyo.

Lakini kuna mstari mwingine ambao huwa siuruki: anwani ya nyumbani. "Wilaya ya Akhaltsikhe, kijiji cha Orkari, mke: Peri." Sahihi ya kamanda ni ya tarehe 20 Novemba 1944. Siku tano au sita kabla ya hapo, Waturuki wote wa wilaya yetu, Waislamu walioishi hapa tangu enzi za mababu, walipakiwa kwenye malori, kisha kwenye mabehewa ya ng'ombe, wakapelekwa Asia ya Kati. Wazee, watoto, wake za askari. Wakati Binali anamtajia karani anwani yake kwa fahari, nyumba ilikuwa imeshafungwa misumari, na hakuna aliyemwambia.

Ushangi alikuja na Nanuli, nikamsomea yote. Nilipofika kwenye wino mwekundu akaniwekea kiganja juu ya karatasi.

"Kwa hiyo baba alimvua maiti."

"Sijasema hivyo."

"Karatasi imesema. Kwa sababu gani nyingine angekuwa nayo?"

"Aliivaa?" nikamwuliza. "Hata siku moja, kwenye sherehe za ushindi?"

"Hakuivaa. Aliificha ndani ya soksi ya sufu. Mimi ndiye niliyeibandika kwenye picha yake alipokufa. Mwizi ndiye anayeficha, Mwalimu."

"Ushangi," akasema Nanuli, na safari hii hakuwa na mzaha, "Orkari si ndiko alikokuwa akienda?"

Ndipo nikaambiwa. Kila vuli, baada ya kuvuna zabibu, Amiran alivaa koti lake zuri akaenda Orkari, akarudi jioni hana la kusema. Nyumbani waliamini ana mwanamke. Mama yake Ushangi alikufa na kinyongo hicho, na aliwahi kumvunjia mumewe sahani sita kwa mpigo. Amiran aliokota vipande, hakujitetea.

"Huo si ushahidi," Ushangi akasema. "Mtu anaweza kwenda kwa sababu ya aibu." Akasimama. "Namwambia mchongaji aache. Siwezi kuandika jina juu ya maji, watu wanywe wakimwombea, kama alimwibia mfu."

Nilimwambia asubiri. Nikamwita mpumbavu pia, nakiri. Alipoondoka niliiweka karatasi ya Binali kwenye ukurasa wa mtandao ambapo wajukuu wa wale waliohamishwa hutafutana, nikaandika jina, kijiji na jina la mke.

Siku ya tatu simu ikalia kutoka Azerbaijan, kule Saatli walikoishia wengi wao. Alikuwa mwanamke mzee, Kirusi chake kizuri. Jina lake Gulperi, na Binali ni babake. Nikampigia Ushangi aje haraka na mkewe. Walipofika nikaiweka simu mezani, nikafungua spika, na nikawa natafsiri.

Nilimsomea Gulperi karatasi kwanza.

"Thelathini na mmoja," akasema. "Na sisi tulikuwa tunaitwa wasaliti. Shuleni, kisimani, kila mahali. Mama alikuwa akisema, babenu anapigana, nao wanacheka. Soma tena pale pa bega."

Nikasoma tena. Kisha Ushangi akaniomba niulize la kwake: je, aliwahi kusikia jina la Amiran?

"Amiran wa farasi," akajibu papo hapo.

Nilitafsiri, na Nanuli akamshika mumewe mkono.

"Mwaka arobaini na tisa," Gulperi aliendelea, "tukiwa Uzbekistan, mama aliitwa kwa kamanda aliyetusimamia. Tulikuwa tunaripoti kwake kila mwezi kama wafungwa. Kamanda ana barua mkononi. Anasema, kuna Mgeorgia anaitwa Amiran, anamtafuta Peri mke wa Binali, ana amana yake. Ni wewe? Mama alikuwa ameshaona watu wakichukuliwa kwa barua. Akadhani ni mtego. Akasema, si mimi. Simjui huyo Binali. Barua ikarudishwa: hayupo mtu huyo. Mama alilia miaka yake yote iliyobaki. Si kwa amana, hakujua ni nini. Alilia kwa sababu alimkana mumewe mbele ya kamanda. Alituambia, huyo Amiran wa farasi baba yenu alimtaja kwenye barua zake, alikuwa mtu mwema, nami nimemfungia mlango."

Nilipomaliza kutafsiri, Ushangi alikuwa amejifunika uso kwa mikono yake yote miwili, akilia kwa sauti. Nanuli naye. Mimi sijui kulia vizuri, kwa hiyo nilizima jiko ambalo halikuwa limewashwa.

Gulperi alikuja mwezi wa sita, ana miaka sabini na tisa, amesafiri kwa basi na mkwewe. Tulimpeleka Orkari, akatafuta nyumba yao asiipate, akachukua konzi moja ya udongo. Alikunywa pale kwenye chemchemi. Jiwe sasa lina majina mawili, la Binali juu, kwa sababu Ushangi alikataa kabisa iwe vinginevyo, na maneno ya karani nimeyatafsiri kwa lugha yetu na kwa Kituruki.

Baadaye, nyumbani kwa Ushangi, meza ilikuwa imejaa mikate ya jibini na binamu amekatazwa kuzungumza. Ushangi alimwekea Gulperi nyota kiganjani. Yeye akaifunga mkononi, akauliza picha ya Amiran iko wapi. Tukamwonyesha. Akaenda akasimama mbele yake, akajitengeneza kilemba.

"Kaka Amiran," alisema, "barua yako ilifika. Peri mke wa Binali ni mama yangu. Tupo."