Kamba ya Kuvutia Kebo ya Gia

Usiku wa jana niliota nimelala chali chini ya pikapu ya kaka yangu Ambakisye, nafungua kebo ya gia, ile inayopeleka agizo la mkono wa dereva mpaka kwenye gia boksi. Mvua ya Tukuyu ilikuwa inanyesha kuelekea juu, kwa hiyo chini ya gari ndiko nilikolowa. Sikulalamika. Fundi halipwi kwa kulalamika.

Kebo ikakohoa. Ilikuwa na sauti ya mama.

"Asajile, umeweka frii?"

Nikasema nimeweka. Hufungui kebo gari likiwa kwenye gia. Mkono wa gia unauweka katikati, mahali pasipo mbele wala nyuma. Nadhani nilizidisha, maana mji mzima uko frii. Waumini wanateremka kutoka kanisani wakiwa wamesimama wima, vitabu vya nyimbo mikononi, wanapita mbele ya gereji bila kupiga hatua. Mchungaji ananisalimia. Naitikia. Anaendelea kuteremka.

"Basi nichomoe," kebo inasema. "Nimechakaa. Miaka minne nabeba maneno ya watu wawili wanaogawana ukuta. Mwambie huyo apunguze redio. Mwambie huyo kuku wake wamelala kwangu. Kesho naenda zangu Kyela kwa mdogo wangu."

Hilo lilikuwa kweli hata nje ya ndoto. Mimi na kaka hatusemezani tangu pikapu hii ilipobomoa jiko la mama. Anayetubebea maneno ni mama, na mama amechoka. Akiondoka, sijui ni nani atakayeniambia siku kaka akiugua.

Nikatoa pini, nikaishika kebo nianze kuvuta.

"Kamba," ikasema.

Kabla hujachomoa kebo ya zamani unafunga kamba kwenye ncha yake. Kebo ikitoka, kamba inabaki njiani, na hiyo kamba ndiyo inayovuta kebo mpya. Usipofunga, njia inapotea. Kila fundi analijua hilo, na mimi nalijua kuliko wengi, kwa sababu isiyopendeza.

"Kamba sina."

"Hata siku ile hukuwa nayo."

Sasa tuko ofisini. Gia boksi amekaa nyuma ya meza, anavujisha oili kidogo juu ya mafaili. Kaka yuko kwenye benchi, anautazama ukuta, kama anavyofanya tukikutana bombani. Gia boksi anafungua faili langu.

"Miaka minne iliyopita ulibadilisha kebo zote mbili za gia za gari hili bila kamba. Ulipitisha kwa kubahatisha, ukafunga kila moja mahali pa mwenzake. Ndugu yako akaweka rivasi, gari likaenda mbele mpaka jikoni. Mama yenu alikuwa anaonja mboga. Wewe ukasema nini?"

"Nilisema kaka hajui kuendesha."

"Mbele ya nani?"

"Wateja. Na mkewe."

Gia boksi akaandika polepole.

"Mimi huenda ninakoelekezwa," akasema. "Aliyelaumiwa ni dereva."

Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Nikaigeukia kebo, iliyokuwa imejikunja kwenye kiti na mkoba wake magotini.

"Mwambie nilikosea mimi."

"Neno lenyewe fupi," ikasema, "lakini silibebi. Nimeshafunguliwa. Funga kamba, upeleke mwenyewe."

Nikapekua mifuko yote ya ovaroli. Wa mwisho ulikuwa na kamba ya bluu, ndefu kuliko mfuko. Mikono ilijaa grisi, kwa hiyo nikaifunga kwenye dole gumba la mguu wangu. Ncha ya pili nikampelekea kaka. Hakunitazama. Alivua kandambili, akanyoosha mguu.

Nikaamka. Kumekucha, na mvua inanyesha kuelekea chini.

Kwenye dole gumba la mguu wangu kuna kamba ya bluu, imefungwa fundo la kifundi. Imepita sakafuni, chini ya meza, imeingia kwenye tundu la ukuta palipong'olewa bomba, kuelekea chumbani kwa kaka. Nikaivuta kidogo.

"Aa," mtu akasema upande wa pili. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka minne kaka kunisemesha moja kwa moja.

Nikapiga magoti kwenye tundu.

"Kaka, shikamoo."

Pumzi yake niliisikia karibu kabisa na tundu.

"Zile kebo nilizifunga vibaya mimi. Wewe uliendesha sawasawa."

Kamba ikakaza. Ikalegea. Ikakaza tena.

Uani mama alikuwa anafunga mizigo ya Kyela.

"Asajile," akaita, "hujaiona kamba yangu ya bluu? Nataka kufungia begi."

"Subiri kidogo, mama," nikasema. "Bado inatumika."