Vidonge Sitini vya Veronika

Alhamisi ya pili ya mwezi wa tatu, mwaka 1975, saa sita mchana, Justina alifunga dirisha la dawa, akafuta kisu cha kuhesabia vidonge kwa pamba yenye spiriti, akavua koti lake jeupe na kulikunja ndani ya kikapu. Alikuwa mfamasia katika hospitali moja mjini Moshi. Mgonjwa akisharuhusiwa, watu wengi huona kazi imekwisha. Justina aliona ndipo inapoanza, kwa sababu nyumbani hakuna nesi wa kumwambia mtu ameze. Basi kila Alhamisi alipanda basi akawafuata watu hadi majumbani kwao, akahesabu vidonge vilivyobaki, akavilinganisha na kadi. Njiani alisali rozari. Siku hiyo rozari ilikwisha basi lilipofika Marangu sokoni, na mlima uliobaki akaupanda kwa miguu.

Aliyemfuata ni Veronika, mke wa Eliufoo. Eliufoo alikuwa amempiga kwa mpini wa jembe: kichwani, begani, mbavuni na tumboni. Kichwani alishonwa nyuzi nane. Tumboni mlikuwa na mimba ya miezi mitano, ikatoka siku ya pili akiwa wodini. Pigo la kichwa lilimwachia kifafa, na kwa ajili hiyo akaruhusiwa na vidonge sitini, viwili kila jioni kwa mwezi mzima.

"Usikose hata jioni moja," Justina alimwambia siku ile dirishani. "Ukiviacha ghafla, kifafa kitakuja mfululizo. Kinaua."

Sasa zilikuwa zimepita siku kumi na nne. Vilitakiwa kubaki thelathini na viwili.

Uani, chini ya migomba, wanaume watatu walikuwa wanakunywa mbege, pombe ya ndizi. Mzee Ndesanjo, baba mkwe wa Veronika na balozi wa nyumba kumi, alikuwa na mshono kwenye paji la uso. Elifuraha, mdogo wake Eliufoo, aliegemea upande mmoja na kuvuta pumzi fupi fupi, kama watu waliovunjika mbavu wanavyofanya. Eliufoo mwenyewe bega lake la kulia lilikuwa limeshuka, limevimba, jeusi kama chungu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kata moja."

"Asante, baba, niko kazini."

Justina aliinama akautazama ule mshono. Nyuzi zilikuwa nyeusi, za hospitali, na mafundo aliyafahamu. Yalikuwa ya daktari aliyekuwa zamu siku ile. Alizihesabu. Zilikuwa nane.

"Zinauma?"

"Jioni ndiyo zinauma," alisema mzee. "Na mvua ikinyesha."

Alimweleza bila haraka. Veronika aliporudi, Eliufoo alimpa jani la isale kuomba msamaha, na jani la isale likishapokelewa hakuna wa kurudia maneno. Kisha akachinja mbuzi. Nyama ikapangwa juu ya majani ya mgomba na kugawanywa kama siku zote: kidari cha baba, na kila mmoja fungu lake kwa daraja lake. Pakiti ya dawa ilikuwa pale pale. Kuiacha ipite bila kugawanywa ingekuwa kumdharau baba. Kwa hiyo Mzee Ndesanjo alipata vidonge ishirini, Eliufoo kumi na vinane, Elifuraha kumi na viwili, na Veronika kumi.

"Si ndio ujamaa wenyewe, dada wa dawa?" alisema Elifuraha. Akacheka, akashika mbavu zake. "Aa, nisicheke mie."

"Vinaleta usingizi mtamu," alisema Eliufoo. "Na mbege ndiyo kabisa."

"Vidonge hivi na pombe, kaka, unaweza kulala usiamke."

"Basi nitaacha vidonge."

Siku ya tatu tangu kugawana, mzee aliamka na mshono kichwani. Elifuraha aliamka na mbavu zimevunjika, Eliufoo na lile bega. Walifunga vitambaa wakaenda kupalilia kahawa, kwa kuwa mvua zilikuwa zimekaribia.

"Na pigo la tumboni," Justina aliuliza, "nani kalipata?"

Kata ilizunguka mikono mitatu kabla hajajibiwa.

"Hilo halijamtokea mtu," alisema Eliufoo.

Jikoni, Veronika alikuwa anamenya ndizi za mtori. Kichwani palikuwa laini, kana kwamba hapajawahi kuguswa. Bega lilikuwa sawa. Lakini mkono wa kushoto ulikuwa umeungua kutoka kiwikoni hadi vidoleni, ngozi imejikunja kama ganda la ndizi iliyochomwa. Vidonge vyake kumi vilikwisha siku ya tano. Tangu hapo alikuwa ameanguka mara tisa, mara moja katika moto, na mara moja kwenye ukingo wa mfereji, akaokolewa na jirani aliyekuja kuchota maji.

"Ukianguka tena peke yako, mama, hatutakukuta," alisema Justina.

"Najua."

"Nikikurudishia vidonge, na wao wakaacha, nadhani na vile vidonda vitarudi."

"Vyote vitatu?"

"Vyote."

Veronika alimaliza ndizi aliyoishika, akaitia chunguni.

"Vilikuwa vyangu," alisema. "Nipe dawa yangu."

Justina alisali Baba Yetu kimya, akaishia kwenye maneno ya mkate wa kila siku, akatoka uani. Alizaliwa Kilema, na alijua kuwa mwenye kugawa hanyang'anywi fungu kwa kuelezwa habari za daktari. Hakuzungumzia daktari.

"Baba, chakula cha mzazi anakula nani?"

"Mzazi."

"Na mlaso anaopikiwa, mwanamume anaweza kuonja?"

Mzee alikunja uso, mshono ukavutika. Damu ya mbuzi iliyopikwa kwa maziwa kwa ajili ya mwanamke aliyejifungua haiguswi na mwanamume, hata kama ana njaa.

"Vidonge hivi ni vya mzazi," alisema Justina. "Mmekula chakula cha mzazi."

"Mzazi gani? Mtoto yuko wapi?"

"Tulimzika hospitalini. Alikuwa wa kiume."

Eliufoo alitazama chini. Elifuraha alitema mbege aliyokuwa nayo mdomoni. Mzee akatoa karatasi iliyokunjwa katika mfuko wa shati, akawaamuru wanawe watoe walivyobakiwa navyo. Elifuraha hakuwa na kitu. Vilipatikana kumi. Justina aliongeza ishirini na viwili kutoka kikapuni, akaandika jina la Veronika juu ya pakiti, na jioni ilipoingia akamwita mbele yao wote.

Veronika alimeza viwili kwa maji.

Bega lilirudi kwanza. Hapakuwa na mtu aliyeshika mpini, lakini mlio wake ulisikika, mti juu ya mfupa, na Veronika akapiga goti moja. Eliufoo alinyoosha mkono wake, akauzungusha. Pigo la pili lilimpata mbavuni, likamtupa kwenye nguzo ya jiko. Elifuraha alivuta pumzi ndefu, ya kwanza baada ya siku nyingi, akausogeza mtungi wa mbege usije ukamwagika. Mwisho nyuzi zilichomoka kipajini kwa mzee, moja moja, na kila ilipochomoka moja, kichwa cha Veronika kilipasuka na kushonwa palepale. Damu ilimshukia machoni. Justina alikuwa amemshika chini ya makwapa, akihesabu nyuzi kwa sauti, na alipofika nane Veronika alikuwa ametapika juu ya viatu vyake.

Walimlaza. Justina alimfunga bandeji, akanawa mikono, akarudi kwa mzee.

"Baba, ninyi ndio balozi. Jambo hili linaandikwa wapi?"

"Liandikwe nini, mwanangu? Jani lilipokelewa. Vidonda vimekwenda matembezi, vimerudi kwao." Alijipapasa paji la uso. "Hata kovu hakuna."

Wiki mbili baadaye Justina alipanda tena na vidonge sitini vipya. Alikutana na Eliufoo kwenye njia ya kihambani, shamba la ukoo, amebeba mzigo wa majani ya ng'ombe juu ya bega la kulia.

"Umemletea?"

"Sitini."

"Vizuri. Akianguka anavunja vyungu."

Kadi ilikuwa imejaa, jioni kwa jioni, bila pengo. Veronika hakuwa ameanguka hata mara moja. Nyuzi zilikuwa tayari kutolewa. Palikuwa bado na vinne vya pakiti ya zamani. Akameza viwili, na Justina, kama alivyofanya kwa kila mgonjwa, akamwomba afungue mdomo aangalie chini ya ulimi. Hapakuwa na kidonge. Meno mawili ya mbele hayakuwapo, na fizi zilikuwa bado nyekundu.

Justina alifungua pakiti mpya, akatoa kidonge kimoja, akakiweka kiganjani mwake. Kidonge cha dukani kisingefaa kitu; alikwisha kuelewa kuwa kinachohamisha kidonda ni kile kinachopungua kwa mwenyewe. Alikisogeza karibu na midomo yake mwenyewe. Alianza kusali, na sala haikuja.

"Rudisha, dada," alisema Veronika.

"Kimoja tu. Angalau meno."

"Jioni nitakayokikosa hicho, nitakuwa mbele ya moto."

Justina alikirudisha. Walimwaga pakiti yote juu ya sinia wakahesabu upya, kwa sauti, wote wawili, Veronika akipumulia kwenye pengo. Vilipotimia sitini, Eliufoo aliita kutoka uani. Veronika aliinuka kabla hajaita mara ya pili.