Dari la Soko Jipya

Mafundi wa mji wa Verkholuzhye walikuwa na desturi yao. Siku ya kuondoa magogo yanayoshikilia dari jipya la matofali, mtu aliyelichora husimama chini yake. Likisimama, anapigiwa makofi. Likianguka, hana haja tena ya kujieleza.

Porfiri Yelizarovich alikataa kusimama.

Yeye ndiye aliyelichora soko, na yeye ndiye mkuu wa mji. Vuli yote alikuwa Petersburg akiwabembeleza wakubwa walete reli. Aliporudi, mkandarasi Nikandr Savvich, mfanyabiashara mwenye usemi mkubwa katika baraza la mji, alikuwa amemaliza kujenga dari la vyumba vyote, na theluji imeshafika magotini. Porfiri alibandua kipande cha chokaa kati ya matofali. Kilikuwa kigumu kama jiwe, lakini kiganjani kikageuka tope. Chokaa haikuwa imeshika. Ilikuwa imeganda kwa baridi tu.

Sasa ilikuwa wiki ya kula chapati kabla ya Kwaresima, na baraza lilitaka soko lifunguliwe Jumapili. Porfiri aliwaambia kwamba leo dari litasimama, hata likibebeshwa kengele ya kanisa. Litawaangukia wake zao barafu iliyo ndani ya chokaa ikiyeyuka, wakiwa ndani wananunua samaki. Mmoja akamuuliza kama siku hizi Petersburg wanafundisha woga.

"Simama tu," Nikandr alisema. "Marehemu baba yako alisimama chini ya dari la kanisa, tena amelewa."

"Nikisimama, mtalifungua."

"Si ndiyo maana ya kusimama, baba?"

Porfiri akaamuru magogo yatolewe chumba cha mwisho peke yake, kisha majiko ya makaa yaingizwe humo. Magogo yalitoka. Dari halikutikisika. Watu wakashangilia, na Nikandr, chapati ya siagi mkononi, akaingia akasimama katikati ya majiko.

"Huku kuna joto zuri," alisema huku akitafuna. "Wenye baridi mnakaribishwa."

Porfiri alimwomba atoke. Nikandr akaomba aletewe chapati nyingine.

Haukupita muda, tone likaangukia kofia yake. Nikandr akasema ni theluji ya paa. Matone yakaongezeka, na mabega ya koti lake jeusi yakaanza kupata madoadoa. Porfiri alitazama yale madoa. Yalikuwa meupe kama maziwa. Maji ya theluji hayana rangi ile.

Aliingia mbio. Nikandr akapanua miguu, akitarajia kusukumwa, lakini Porfiri alimkamata ndevu kwa mikono miwili, akamburuta kama mbuzi mpaka nje. Tofali moja lilianguka nyuma yao. Halafu dari lote la chumba kile likashuka, na vumbi likawafunika watu waliokuwa mlangoni.

Nikandr alikaa kwenye theluji, akishika kidevu.

"Umenivuta ndevu mbele ya mji mzima," alisema. "Ukuu wa mji usahau."

"Nimesahau."

Vyumba vilivyobaki vilikuwa bado vimeshikiliwa na magogo yao, lakini yalikuwa machache kwa uzito utakaokuja wakati wa kuyeyuka. Porfiri akawaambia mafundi waongeze mengine kabla jua halijapata nguvu. Hakuna aliyesogea, wote walitazama kifusi. Hakuwalaumu. Akavua koti, akabeba gogo begani, akaingia nalo chini ya dari lililobaki.