Mawe Yaliyomwitikia Mwikali

Mwaka uliofuata mvua za El Nino, wanawake wa mwethya walikutana Jumanne asubuhi kwenye shamba la Mama Nzomo, huko Kalama, kujenga upya matuta yaliyobebwa na maji. Mwethya ni kazi ya zamu, leo kwangu, kesho kwako, na wimbo ndio unaoinua majembe. Siku hiyo mwimbishaji alikuwa na homa, kwa hiyo Mwikali ndiye aliyeanzisha. Aliuanza chini mno. Tangu apewe vidonge vya kifafa kwenye zahanati, kila sauti aliisikia imeshuka kidogo. Daktari alikuwa amemwambia hilo huwapata wachache.

Kuhusu mawe hakumwambia kitu. Kwenye ubeti wa pili yaliteremka mlimani bila haraka, yakajipanga ukingoni mwa tuta, makubwa chini, madogo juu, inavyotakiwa. Wanawake waliyapisha. Mmoja alilikemea jiwe lililomkanyaga kidole, nalo likasogea.

Kufikia saa sita kazi ya wiki nzima ilikuwa imekwisha. Mwikali alicheka mpaka akaketi chini. Miaka yote walimweka kando achunge mitungi, na leo kilima kizima kilimwitikia! Sasa alitaka kitu kimoja tu, kula na wenzake kwenye karai. Waliamini kifafa huambukizwa kwa mate, hivyo alikuwa na sahani yake, na sahani hiyo haikuchanganywa na nyingine.

Mama Nzomo, mwenyekiti wao, hapendi kupitwa. Aliomba kidonge ili naye aimbe. Mwikali alimkatia nusu. Mama Nzomo alikichukua kiganjani mwa Mwikali, akameza, akaimba kwa nguvu zake zote. Hakuna jiwe lililotikisika. Alilala palepale kwenye mbaazi, akikoroma, na wenzake wakacheka hadi machozi.

Alipoamka, muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, ulikuwa tayari. Mwikali alinawa, akasogea kwenye karai.

"Mama Nzomo, dawa umemeza kutoka kwa mkono yangu. Sasa chakula ndio itakudhuru?"

Mama Nzomo alichukua upawa.

"Hiyo ilikuwa dawa," akasema.

Alimpakulia wa kwanza, akamjazia, akamwongezea nyama, kwenye sahani ileile ya Mwikali. Iliuma. Muthokoi hata hivyo ulikuwa mtamu, na Mwikali alikuwa na njaa. Mawe mawili yaliyochelewa kazi yakashuka mlimani, yakatulia ubavuni pake.

"Karibuni chakula," akayaambia.