Kumi Kabla ya Tisa

Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi, na Bohdana aliusoma huku akitafuna mkate uliopakwa mafuta ya nguruwe na kitunguu. "Habari za asubuhi. Hapa ni mtambo wa kupasha mji joto, Vrbenov. Mashine yetu ya 2.10 haimo tena kwenye orodha. Nijaribu 2.9, kwa kuwa ndiyo jirani yake? Šimek."

Aliuweka mkate chini. Vrbenov ndiko alikoishi mama yake.

Ofisi yao mjini Brno kazi yake ilikuwa kutunza programu inayojifanya kompyuta. Ndani ya kompyuta moja ya kweli unaweka nyingine za kuigiza, na kila moja inajiamini kuwa ni chuma halisi. Kila toleo la programu huja na mtindo wake wa mashine, wenye namba yake, na mitindo ya zamani huachwa iendelee kuwepo, maana mashine iliyolazwa usingizi kwa mtindo mmoja haiamki salama kwa mwingine. Ni kama mtu aliyelala kwake akaamkia kwa jirani: gizani ananyoosha mkono kutafuta swichi ya taa, anashika jiko la moto.

Lakini huwezi kubeba vizee milele. Mitindo iliyochakaa hustaafishwa, na safari hii zamu ilikuwa ya Bohdana. Aliambiwa aondoe yote iliyotangulia 2.9. Aliipanga orodha, akachora mstari juu ya 2.9, akafuta kila kilichokaa juu ya mstari. Mkubwa wake, Vendelín Kopřiva, ambaye ndiye aliyepaswa kuikagua kazi hiyo, aliitupia jicho kama mtu anavyotazama risiti ya sokoni, akaandika "safi." Watu wa fani hii ni hodari sana wa kufuta vya wenzao.

Sasa Bohdana aliifungua tena ile orodha, akaliona kosa kabla hajafika chini. Kompyuta ilikuwa imepanga tarakimu moja moja, kama mtoto wa chekechea. Baada ya nukta iliona moja, kwingine ikaona tisa, ikaamua moja ni ndogo. Sifuri iliyofuata haikushughulika nayo. Kumi ilikaa kabla ya tisa. 2.10, 2.11, 2.12, zote zilizoahidiwa miaka zaidi ya kuishi, zilikuwa juu ya mstari. Alikuwa amezifuta zote, na toleo lilikwisha kutoka tangu Ijumaa.

"Vendelín! Njoo hapa!"

"Kuna nini, umeona panya?" Alikuja akiburuza sapatu zake za ofisini, kikombe mkononi. Alisoma, akakuna upara. "Basi usiwe na hofu, binti. Tunazirudisha kimya kimya, tunasema faili lilichafuka njiani. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Anataka kuiamsha kwa 2.9!"

"Programu itamkatalia."

"Kuna namna ya kuilazimisha, na wazee wa mitambo wote wanaijua. Si wewe uliyeiweka?"

Vendelín aliweka kikombe chini.

Mashine ile ya Vrbenov ndiyo iliyoongoza valvu, yaani vilango vya kufungulia na kufungia maji ya moto ya mji mzima. Ili kubadilisha programu huwa wanailaza kidogo, valvu zinabaki zilivyo na pampu zinasimama, kisha wanaiamsha. Ikiamkia pasipo pake, namba iliyokuwa kipimo cha joto inaweza kusomwa kama amri ya kufungua. Na maji yale, yenye moto kupita wa kuchemka, yanapita kwenye mabomba chini ya sakafu za watu.

Bohdana aliujibu ujumbe. Kimya. Akapiga simu ya mtambo, ikaita mpaka ikakatika. Pale kwenye matanuri hakuna anayesikia simu. Hapo ndipo alipompigia mama yake, Blažena.

"Mama, uko wapi?"

"Baridi hii niende wapi? Niko nyumbani. Tena mabomba ya ukutani yameanza kupoa, nikasema, huyo Otakar Šimek amelala?"

Yanapoa. Kwa hiyo Šimek alikuwa akiharakishwa na mji mzima. Mtambo ulikuwa ng'ambo ya barabara tu, na mama yake alikuwa na nyonga mbovu. Akibaki nyumbani, bomba kubwa linapita chini ya jiko lake. Akienda, anakwenda penyewe yanapotokea maji. Bohdana alitafuta mahali salama pa kumweka mama yake, hakupaona.

"Mama, kimbia mtamboni. Mwambie Šimek asiiamshe ile mashine. Usikate simu."

"Otakar? Yule hamsikii hata mkewe!"

"Mama, nakuomba, nenda!"

Alisikia mlango, kisha pumzi za mama yake, kisha theluji ikikanyagwa. Bila kujua alishukaje ngazi, alijikuta uani, sapatu zimejaa theluji, simu imebanwa sikioni. Vendelín alikuwa amemfuata hadi mlangoni. Ghafla pakasikika kishindo, kisha hakuna kitu.

"Mama? Mama!"

"Nimeteleza. Usinipigie kelele, nainuka."

Kisha ukaja mngurumo wa matanuri, na sauti ya mwanamume ikifoka juu yake. "Bibi Blažena, umepata wazimu? Huku hakuingiwi!"

"Bohdana wangu anasema usiiamshe."

"Watu wanagandia majumbani, halafu nisiiamshe? Yeye ni nani wa kuniamrisha?"

"Shika, muulize mwenyewe."

Mlangoni Vendelín alikuwa akimwonyesha kwa midomo: faili limechafuka, sema faili limechafuka. Bohdana alimpa mgongo.

"Mzee Šimek, mimi ndiye niliyeifuta 2.10. Haikuwa mbovu wala haikuwa imezeeka. Nilipanga namba vibaya nikafuta yenu. Kosa ni langu. Ukiilazimisha kwa 2.9, valvu zitafunguka."

"Kidole changu kiko juu ya kitufe," Šimek alisema.

"Kiondoe, mzee wangu. Tafadhali."

"Mtu akitaka kunidanganya, hajibebeshi kosa." Alikohoa. "Nimekiondoa."

"Lile toleo la kabla ya hili, umelitupa?"

"Mimi situpi vitu ovyo. Si kama nyinyi."

Alimwambia alirudishe, kisha akangoja amesimama, vidole vya miguu vimekufa ganzi, akisikiliza matanuri na mama yake akilalamika juu ya nyonga. Mwishowe pampu moja iliguna, ikafuata ya pili.

"Imeamka," alisema Šimek. "2.10 yenyewe."

"Mwanangu," mama akaingilia, "huyu amenipa chai yenye ramu. Soksi zangu zimelowa chapachapa."

Bohdana alilia pale pale uani, bila aibu. Alipanda ngazi akijifuta machozi, akaketi, na ndipo alipouona ujumbe mwingine. Ulikuwa umefika mapema, kabla ya ule wa Šimek, naye aliupita bila kuufungua. Ulitoka mahali asipopajua; jina lake ilibidi alisome mara mbili. "2.11 haionekani. Tunajaribu 2.9." Baada ya hapo hawakuandika tena.

"Tuyapange maelezo vizuri kwanza," alisema Vendelín nyuma yake, "maana watatuuliza..."

Bohdana alikuwa amekwisha kuandika ujumbe kwa watumiaji wote duniani: msiamshe chochote kwa 2.9, mimi ndiye niliyefuta, na jina lake kamili chini. Akautuma. Kisha akabonyeza namba ya simu iliyokuwa mwisho wa ule ujumbe. Iliita, ikaita tena. Huko hakuwa na mama wa kumtuma.