Gari Linavuta Kushoto

Mzee huyo alifundisha watu udereva maisha yake yote, na hata alipostaafu waliendelea kumwita Kioo, kwa sababu ya maneno aliyowachosha nayo wanafunzi: tazama kioo kwanza, ndipo uguse kitu kingine. Aliishi na binti yake wa mwisho, fundi cherehani. Gari lake lilikuwa dogo la zamani, jeupe, lililopauka bodi kwa jua. Wengi walimshauri aliuze. Aliwajibu kwamba amelizoea hata kukohoa kwake, na kwamba gari jipya lingemlazimu aanze uchumba upya.

Msimu mmoja wa mvua gari lilizidi kukohoa. Kila lilipoingia shimoni, upande wa mbele uligonga kama mtu anayepiga hodi, na usukani ukawa unachezacheza mikononi. Akalipeleka gereji.

Fundi mwenyewe aliwahi kuwa mwanafunzi wake, na alifelishwa mara mbili kwa kupanda ukingo wa barabara.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Linagonga, na linavuta kushoto."

Fundi alipiga jeki, akaweka stendi chini ya chesisi, kisha akalishika tairi la mbele juu na chini, akalitikisa. Likacheza. Akalishika pembeni, kulia na kushoto. Likacheza tena. Akaingia uvunguni na kurunzi na nondo fupi, akawa anachokonoa kiungo kimoja baada ya kingine.

"Boljointi imekwisha," alisema kutoka chini. "Kichwa cha tairodi nacho kimelegea. Bushi zimepasuka, na shokapu hii imetema mafuta yote. Mwalimu, tairi lingekulalia barabarani."

"Basi lilikuwa linanionea haya," alisema mzee.

Viungo hivyo, bushi zake za mpira na shokapu vilibadilishwa pande zote mbili. Nati za zamani zilikuwa zimeshikana na kutu, ikabidi zipigwe nyundo na kumwagiwa mafuta hadi zikalegea. Kisha gari lilipelekwa kwenye mashine ya alaimenti, matairi yakanyooshwa. Mzee alilichukua akaondoka akiwa ameridhika.

Wiki iliyofuata alirudi. Kugonga kulikuwa kumekoma, lakini gari lilikuwa bado linavuta kushoto. Fundi aliona tairi la mbele kushoto limechubuka ubavuni, na rimu imekunjika kidogo. Alipima upepo, akakagua kama breki inakamata, akabadilisha nafasi za matairi ya mbele, la kulia likaenda kushoto. Hakupata sababu ya kuvuta. Mzee alipoondoka na kurudi tena na lalamiko lilelile, fundi alianza kujitilia shaka. Wakila usiku, mke wake alimwambia anaongea na sahani. Kilichobaki kwenye mawazo yake kilikuwa kubadilisha raki ya usukani, ule mtambo mzima unaogeuza matairi, ingawa ilionekana nzima.

Kabla ya kuigusa aliomba waende pamoja barabarani.

Aliendesha yeye kwanza. Kwenye barabara iliyonyooka nyuma ya maghala aliachia usukani, mikono ikiwa inaelea juu yake. Gari lilikwenda mbele kama limewekewa reli. Akasimama, wakabadilishana viti.

Mzee aliendesha taratibu. Haukupita muda gari likaanza kuusogelea ukingo. Mbele yao, upande wa kushoto, mwanamke alikuwa anaendesha baiskeli na kifurushi nyuma. Fundi alisubiri mzee apunguze mwendo. Hakupunguza. Fundi akaunyakua usukani na kuuvuta kulia, gari likampita yule mwanamke kwa upana wa kiganja.

"Umeona sasa?" mzee alisema, bila wasiwasi. "Si nilikwambia linavuta?"

"Mwalimu, umemwona yule wa baiskeli?"

"Baiskeli gani?"

Fundi aliutazama mkono wa kushoto wa mzee. Ulikuwa umeteleza kwenye usukani, umelala pajani, na mwenyewe hakuwa na habari.

Alimwomba asimame, akaendesha yeye hadi gereji, akazima injini.

"Gari halina kosa," alisema. "Nimelikagua kuliko ninavyolikagua langu. Anayekwenda kushoto ni wewe."

"Mimi niliyekufundisha kushika usukani?"

"Wewe, Mwalimu."

"Nipe funguo zangu."

"Sikupi."

Fundi aliutia ufunguo ndani ya ovaroli, akafunga kifungo cha mfuko, akampigia simu binti.

Binti alifika na futi bado imening'inia shingoni. Alisikiliza hadi mwisho, uso ukamshuka. Kwa majuma kadhaa baba yake alikuwa akijigonga bega la kushoto kwenye fremu ya mlango. Binti alilaumu zulia, akaliondoa. Alikuwa ameshona mara kadhaa mkono uleule wa shati uliochanwa na kitasa, akidhani ni haraka za mzee tu.

"Baba, nyoosha mikono yote miwili mbele. Fumba macho," alisema, kama alivyowahi kumwona muuguzi akimpima mgonjwa.

Alinyoosha. Wa kulia ulibaki juu. Wa kushoto ulishuka polepole. Alipofumbua macho aliutazama kama kitu cha jirani kilichosahaulika kwake. Hakubisha tena.

"Twende," alisema.

Daktari aliwaeleza kwamba mshipa mdogo ubongoni uliziba, pengine usingizini. Macho yalikuwa mazima, ila ubongo ulikuwa umeacha kuujali upande wa kushoto, na mwenye tatizo hilo hajui kuna kitu anakikosa. Alipewa dawa na mazoezi, akakatazwa kuendesha.

Alinuna. Aliwaambia watu kwamba fundi fulani kamnyang'anya gari, na alipokutana naye njiani alivuka upande wa pili. Fundi alimsalimia vilevile kutoka ng'ambo. Mazoezi yalisaidia, mkono ukapata nguvu ya kushika kikombe, lakini ruhusa ya kuendesha haikutolewa. Binti akajifunza udereva, mwalimu akiwa ni baba yake kwenye kiti cha abiria, na alifokewa kila kona bila huruma ya damu. Alipata leseni.

Siku moja nyuma ya gari kulianza kulia kitu, binti akalipeleka gereji. Mzee alikuja naye. Alikaa kwenye benchi, fimbo kati ya magoti, fundi akawa anafungua bolti za shokapu ya nyuma.

"Wewe," mzee alimwita. "Ungeweza kunizungusha. Ungebadilisha vifaa hadi gari liishe, nami ningekubali kila kimoja."

"Nilikaribia, Mwalimu. Raki nilishaanza kuitafuta."

"Ningeikubali."

"Najua."

Mzee aliinamisha kichwa kukubali. Binti alikuwa amechutama kando ya tairi, anauliza ule mpira wa shokapu uliotoka unakaa upande gani, fundi akampa kurunzi aone mwenyewe.